Kazi ya Kompyuta na Maradhi Yake: Kiwewe cha Wachujaji wa Maudhui

Habari za teknolojia huandikwa kwa namna inayofanana. Chombo kipya kimezinduliwa. Mashine sasa inatunga insha, inatafsiri, inasoma picha ya eksirei na kumwelekeza daktari palipo na kasoro. Barazani, ndani ya daladala na hata katika vyumba vya mapumziko vya wauguzi, mjadala unaofuata hugawanyika pande mbili. Wapo wanaoamini kwamba mashine itatwaa kazi zote, na wapo wanaoona kuwa hayo yote ni matangazo ya biashara yatakayosahaulika mwakani. Pande zote mbili huzungumzia mashine. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nani aliyeifanyia mashine hiyo kazi, aliketi wapi, aliona nini, na alirudi nyumbani akiwa katika hali gani. Swali hilo la mwisho ni la kitabibu, na sehemu kubwa ya majibu yake imepatikana jijini Nairobi.

Programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, sifa zilienea duniani kote kwa kasi. Wiki chache baadaye, Januari 2023, jarida la Time la Marekani lilichapisha habari ya aina nyingine. Liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa mkataba na watengenezaji wa programu hiyo, walikuwa wamesoma na kuainisha maelfu ya maandishi yenye ukatili, unyanyasaji wa kingono wa watoto, mateso na mauaji, kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Sababu ya kazi hiyo ni rahisi kueleweka. Mashine ya aina hii hujifunza lugha kutokana na maandishi yaliyokusanywa mtandaoni, na mtandaoni mna kila uchafu. Ili itambue uchafu na kuuepuka, lazima kwanza binadamu ausome na kuuwekea alama: hiki ni hiki, kile ni kile. Akili mnemba haikujifunza adabu yenyewe. Ilifundishwa, na mwalimu wake alilazimika kusoma kila alichoikataza kusema.

Kazi hiyo haikuwa ngeni Nairobi. Tangu mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ilikuwa na ofisi ya kuchuja maudhui ya Facebook kwa ajili ya nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Vijana waliojua Kiswahili, Kisomali, Kiamhari, Kioromo, Kitigrinya, Kizulu na lugha nyinginezo waliajiriwa kutazama machapisho yaliyolalamikiwa na watumiaji au kunaswa na programu, kisha kuamua: libaki au liondolewe. Mnamo Mei 2022 mmoja wa waliokuwa wafanyakazi hao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi nchini Kenya dhidi ya Sama na Meta, kampuni mama ya Facebook. Mwaka 2023, baada ya Sama kutangaza kuachana na shughuli hiyo, wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Meta ilipinga kwamba mahakama za Kenya zina mamlaka ya kuisikiliza kesi dhidi ya kampuni isiyokuwa na makao nchini humo. Pingamizi hilo lilikataliwa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikathibitisha kwamba mashauri yanaweza kuendelea.

Desemba 2024 vyombo vya habari viliripoti yaliyomo katika nyaraka zilizowasilishwa mahakamani. Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, alikuwa amewapima wachujaji waliojitolea kuchunguzwa, na zaidi ya 140 kati yao walionekana kuwa na ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Wengi walikuwa katika kiwango kikali, na pamoja nao yalitajwa magonjwa ya wasiwasi na sonona. Meta haikuzungumzia kesi yenyewe, lakini ilisema kwamba inathamini msaada kwa wachujaji, kwamba mikataba yake huwataka wakandarasi kutoa ushauri nasaha na matibabu, na kwamba zipo njia za kiufundi za kupunguza ukali wa picha zinazotazamwa. Hukumu ni ya mahakama. Hata hivyo, kwa wanaofanya kazi ya tiba, takwimu hiyo inatosha kuanza kujiuliza maswali ambayo hayasubiri hukumu.

Kiwewe kupitia kioo

Pingamizi la kwanza husikika hata miongoni mwa watu wenye elimu: hizo ni video tu. Hakupigwa, hakukatwa, hakukimbia risasi. Kama zinamkera, afumbe macho.

Pingamizi hilo si la kijinga, na hata wataalamu wa magonjwa ya akili walichukua muda mrefu kulijibu. Ugonjwa huu uliingizwa rasmi katika mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani mwaka 1980, kwa kiasi kikubwa kutokana na hali ya askari waliorejea kutoka Vietnam. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyefikiriwa alikuwa askari, aliyenusurika ajali au aliyebakwa: mtu ambaye tukio lilimfika mwilini au mbele ya macho yake. Toleo la tano la mwongozo huo, lililotoka mwaka 2013, lilibadili jambo moja dogo lenye uzito mkubwa. Lilieleza kwamba kukutana mara kwa mara, au kwa ukali uliopitiliza, na maelezo ya kutisha ya kiwewe kilichowapata watu wengine kunaweza kuwa chanzo cha ugonjwa huu. Kisha likaweka mpaka: kutazama kupitia runinga, filamu, picha au mitandao hakuhesabiwi, isipokuwa pale utazamaji huo unapokuwa sehemu ya kazi. Mifano iliyokuwa akilini mwa waandishi ni polisi wanaopitia kwa undani habari za watoto walionyanyaswa na waokoaji wanaokusanya viungo vya miili. Mchujaji wa maudhui hakutajwa, lakini kifungu kinamhusu kana kwamba kiliandikwa kwa ajili yake.

Kwamba kioo hakimkingi mtazamaji kulionekana pia kwa namna nyingine. Baada ya mabomu kulipuliwa katika mbio za marathoni za Boston mwezi Aprili 2013, watafiti wa Marekani waliwahoji watu zaidi ya 4,000. Waliotazama au kufuatilia habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata waliripoti msongo mkali kuliko hata waliokuwa kwenye eneo la tukio. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba picha pekee ndizo zilizosababisha msongo, kwani mwenye wasiwasi huenda ndiye anayetazama zaidi. Lakini unatosha kuizima kauli ya "ni video tu".

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kutambua hatari kabla fikra hazijapata nafasi ya kupima. Haingoji uthibitisho. Ikiona kisu shingoni mwa mtu, huamuru moyo uende mbio, misuli ikaze, pumzi ifupike. Kwa kawaida sehemu nyingine za ubongo huja nyuma yake na kuituliza: hiyo ni picha, ni mbali, imekwisha. Utulizaji huo unahitaji muda na usalama. Mtu wa kawaida akikutana na video ya ajali katika kundi la WhatsApp huifunga, huguna, humlaumu aliyeituma, kisha huenda kula. Mchujaji haruhusiwi kuifunga. Lazima aitazame kiasi cha kutosha kuamua ni kifungu kipi cha kanuni kimevunjwa, na sauti mara nyingi ni sehemu ya ushahidi. Akimaliza, inayofuata iko tayari. Mwili wake huandaliwa kukimbia mara nyingi kwa siku huku akiwa ameketi kwenye kiti, na hakuna mahali pa kukimbilia.

Lugha nayo huongeza uzito. Mchujaji huajiriwa kwa sababu anaijua lugha, yaani anatoka mahali lugha hiyo inapozungumzwa. Vita vya Tigray vilipoanza Novemba 2020, waliokuwa wakichuja machapisho ya Kitigrinya, Kiamhari na Kioromo walikuwa wakitazama nchi yao. Askari hutumwa kwenye vita akijua kwamba nyumbani ni kwingine. Hawa waliketi Nairobi wakitazama nyumbani kwao kukiteketea, kisha wakitakiwa kubonyeza kitufe.

Dalili zenyewe huja kwa makundi manne. Kwanza, picha hurudi bila kuitwa: usingizini kama jinamizi, au mchana wakati mtu anapomwogesha mwanawe. Pili, mtu huanza kukwepa. Haendi sokoni kwa sababu ya bucha, hataki kumpakata mtoto, hazungumzi. Tatu, hisia hupoa au kugeuka nyeusi. Hujilaumu, haoni raha, huona kila mtu ni mbaya. Nne, mwili hubaki katika tahadhari: hushtuka kwa mlango kufungwa, hukasirika haraka, halali. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi au maisha ya nyumbani, hapo ndipo inapoitwa ugonjwa. Wengine hawafikii kiwango hicho hadi miezi sita au zaidi imepita, wakati mkataba umeshakwisha na kadi ya bima imerudishwa.

Anayekamua nazi hujua kwamba tui hushuka chini na machicha hubaki kifumbuni. Mtumiaji wa mtandao hupata tui. Ukurasa wake ni safi kiasi cha kumfanya adhani kwamba uchafu haukuwapo, au kwamba mashine ndiyo iliyousafisha. Huenda hiyo ndiyo sababu watu hawa hawaonekani katika habari za teknolojia: kazi yao ikifanywa vizuri, haiachi alama yoyote ya kuripotiwa.

Vumbi lisiloonekana

Wachimbaji wa madini wanaovuta vumbi la mawe kwa miaka hupata silikosisi, makovu ya mapafu yasiyoondoka. Hakuna daktari anayeambiwa leo kwamba dawa ya silikosisi ni kumwita mchimbaji kila Ijumaa na kumfundisha kupumua kwa utulivu. Tiba ya kazini huanza na vumbi lenyewe: liondolewe, lisipoondoka, limwagiwe maji, muda wa kukaa ndani upunguzwe, barakoa ije mwisho, kama kinga ya ziada. Mpangilio huo unajulikana kwa kila mkaguzi wa usalama mahali pa kazi. Ajabu ni kwamba vumbi linapoingia kwa njia ya macho, mpangilio hupinduliwa, na barakoa, yaani mshauri nasaha, huwekwa mwanzo na mara nyingine huwa ndiyo kinga ya pekee.

Ushauri nasaha una thamani yake, lakini si kila aina yake inafaa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kikao kimoja cha kumfanya mtu asimulie tukio mara tu linapotokea kingemkinga. Mapitio ya tafiti hizo, yakiwemo ya shirika la Cochrane, hayakuona kinga hiyo, na baadhi ya waliopewa kikao walionekana kuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Pale mhusika anaporejeshwa kwenye kioo kile kile baada ya nusu saa, hata mshauri hodari anakuwa kama anayemfuta mtu maji akiwa bado yumo mtoni.

Kinga yenye maana hutangulia kikao. Picha zinaweza kuonyeshwa bila rangi, kwa ukubwa mdogo, zikiwa na ukungu unaoondolewa pale tu inapobidi. Sauti inaweza kuzimwa mwanzoni. Faili lililokwisha kuamuliwa mara moja halina sababu ya kumrudia mtu wa pili na wa tatu, kwa kuwa mashine hutambua nakala vizuri. Saa za kutazama maudhui makali zinaweza kuwekewa kikomo na kuchanganywa na kazi nyepesi. Mtu anaweza kupewa haki ya kukataa aina fulani, kwa mfano mzazi wa mtoto mchanga kukataa video za watoto, bila kupunguziwa alama za utendaji. Na kama anavyopimwa mchimbaji, apimwe kabla ya kuanza, katikati, na baada ya kuondoka. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji uvumbuzi mpya. Linalohitajika ni gharama, na gharama hiyo kwa sasa hulipwa na familia ya mchujaji.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakina mfano katika migodi. Mikataba ya kazi hizi huja na masharti makali ya usiri. Mfanyakazi huambiwa asieleze anachokiona, na wengi huelewa, kwa haki au kwa makosa, kwamba katazo hilo linamhusu hata mke, mume au daktari. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kuficha kumegeuzwa kuwa sharti la ajira. Ukwepaji, ambao ni dalili ya ugonjwa na ni kitu ambacho tiba hujitahidi kukivunja, unapata nguvu ya sheria. Kwa mtazamo wa tiba, hakuna kifungu katika mikataba hiyo chenye madhara kuzidi hicho.

Upande wa haki, mambo hayako gizani kabisa. Shirika la Kazi Duniani liliifanyia marekebisho orodha yake ya magonjwa ya kazini mwaka 2010, na ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe ukaingizwa humo. Nchini Marekani, Facebook ilikubali mwaka 2020 kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi iliyofunguliwa na wachujaji wa huko mwaka 2018. Kila mmoja alistahili angalau dola 1,000, na zaidi kwa aliyethibitika kuugua. Wenzao wa Nairobi, waliofanya kazi ya aina ile ile kwa mtandao ule ule, walitumia miaka miwili wakibishania kwanza kama wana mahali pa kushtakia. Kwa Tanzania, ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Hata hivyo, fidia ya ugonjwa wa kazini, popote pale, huanza na daktari aliyeandika kwamba ugonjwa unatokana na kazi. Asiyeuliza hawezi kuandika.

Swali la Ramazzini

Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi: wachimbaji, wafinyanzi, waoka mikate, hata wakunga. Aliwashauri madaktari kwamba, juu ya maswali yaliyorithiwa kutoka kwa Hipokrati, waongeze moja: unafanya kazi gani?

Swali hilo bado limo katika fomu za wagonjwa, lakini jibu lake limekuwa jepesi mno. Kijana mwenye shahada anafika kliniki akilalamika kichwa, mapigo ya moyo kwenda mbio, tumbo kuvurugika na kukosa usingizi. Anapimwa malaria, anapimwa homa ya matumbo, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Akirudi mara ya tatu anapewa vidonge vya usingizi. Kwenye faili, mbele ya neno "kazi", pameandikwa "kompyuta". Neno hilo halielezi chochote kuhusu kinachomgusa. Mhasibu hufanya kazi ya kompyuta, na mtu anayetazama watu wakichinjwa kwa saa nane hufanya kazi ya kompyuta. Daktari au mwuguzi anapaswa kuuliza la pili na la tatu: kioo chako huonyesha nini? Kuna unachokiona kazini ambacho hukufuata nyumbani? Umekatazwa kukizungumza? Mgonjwa huenda asijibu siku hiyo. Lakini akijua kwamba chumba hicho kina mtu anayefahamu kuwa kazi ya namna hiyo ipo, hurudi.

Na akirudi, tiba ipo. Tiba za kisaikolojia zinazolenga kiwewe chenyewe, ambazo mgonjwa husaidiwa kukikabili kidogo kidogo badala ya kukikimbia, ndizo zenye ushahidi ulio imara zaidi. Dawa kama setralini husaidia, hasa pale ambapo sonona imeungana na kiwewe. Dawa za jamii ya daiazepamu, ambazo huandikwa kwa urahisi kwa sababu mgonjwa hatimaye analala, hazitibu ugonjwa huu, huleta utegemezi, na miongozo mingi hushauri ziepukwe. Mwenye mawazo ya kujidhuru asingoje zamu ya kliniki; apelekwe siku hiyo hiyo kwenye kituo chenye huduma ya afya ya akili.

Husemwa kwamba ajira ni ajira, na kwamba ukali juu ya kampuni hizi utazifukuza. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani vijana wengi waliomaliza vyuo hawana kazi nyingine mkononi. Lakini hata mgodi ni ajira, na hakuna anayedai kwamba mgodi usimwagiwe maji kwa kuwa unaajiri. Kuhusu kufukuzwa, mwezi Aprili 2025 iliripotiwa kwamba uchujaji wa maudhui ya Meta ulikuwa ukifanyika Accra, nchini Ghana, chini ya mkandarasi mwingine, na kwamba baadhi ya wafanyakazi wa huko walikuwa wakilalamikia sonona, wasiwasi na kukosa usingizi. Kazi ilihama; maradhi yakahama nayo.

Kiswahili kina wasemaji wengi na machapisho mengi, na mashine bado hukisoma kwa kuyumba, hasa pale tusi linapovikwa fumbo au uchochezi unapokuja kwa methali. Kwa hiyo jicho la mtu litaendelea kutafutwa, na matangazo ya kazi hizo yatawafikia wahitimu wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala kwa majina mazuri yasiyotaja kilichomo. Anayeletewa mkataba wa namna hiyo ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini: nitatazama nini, kwa saa ngapi, na je, kifungu cha usiri kinaniruhusu kumweleza daktari wangu? Jibu na liandikwe ndani ya mkataba.